Krenki za Baiskeli ya Marehemu Omari

Arafa binti Selemani alikuwa katika siku ya thelathini na mbili ya eda alipolazimika kuchagua krenki za baiskeli, vile vyuma viwili vinavyobeba pedali. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya marehemu mumewe, Omari, tarishi aliyepeleka barua za kampuni moja ya kahawa kutoka Arusha mjini hadi Kikatiti. Kampuni ilikubali kazi imwendee mdogo wa marehemu, Mikidadi, mradi aje na baiskeli nzima. Nyumba ile haikuwa na mwanamume mwingine wa kuilisha.

Mjane wa eda haonekani na wanaume. Kwa hiyo fundi Tarlochan Singh alikuja mwenyewe na mkoba wake, akaketi kibarazani na Mikidadi, na Arafa akasimama nyuma ya pazia la mlango. Vyuma vikapitishwa chini ya pazia avipime kwa mikono.

"Hii ya Kijapani, mama," alisema fundi. "Nyepesi, nangaa sana. Hii ingine ya Kiingereza. Nzito, lakini mimi takufa, yeye iko tu."

"Urefu?"

"Kiingereza inchi saba. Kijapani sita na nusu."

"Ndefu itafaa milimani," alisema Arafa, "ila Mikidadi ana vijiguu."

"Shemeji nawe!" Mikidadi alicheka. "Hata nyuma ya pazia unanipima?"

Kicheko hicho kilikuwa cha kwanza kusikika pale tangu msiba. Hakikudumu.

Katika ukoo wa Omari hakukuwa na mtu aliyewahi kutajwa kwa aibu. Sasa mtaa mzima ulisema amekufa mlevi. Mwanamke mmoja alimwona Tengeru akiyumba barabarani. Mbele zaidi, kwenye mteremko wa Maji ya Chai, marehemu alishindwa kusimama akajibamiza kwenye mawe ya daraja. Omari hakuwahi kuonja pombe, lakini nani angemsikiliza mkewe? Watoto walikuwa wakirudi kutoka chuo cha Kurani wakilia, wameitwa wana wa mlevi.

Fundi aligonga krenki ya zamani ya kulia, ikatoka. Akagonga ya kushoto, mara nyundo ikanyamaza.

"Hii hapana pini. Hii msumari! Mtu nakata, napaka grisi juu. Mimi hapana fanya kazi namna hii."

Arafa akanyoosha mkono, akawekewa kipande cha msumari kilichopondeka katikati. Akauliza, fundi akaeleza. Krenki hushikwa na pini. Pini ikilegea, pedali huyumba, na mwenye baiskeli huyumba nayo. Na breki ya baiskeli ile ilikuwa ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Krenki ikiteleza mteremkoni, mguu unakanyaga hewa.

"Mikidadi," aliita Arafa. "Ijumaa ile kabla ya ajali, kaka yako alikupa baiskeli uipeleke kwa fundi."

Fundi alikusanya nyundo zake polepole, akatoka kusubiri barabarani.

"Kulikuwa na arusi Sakina, shemeji," Mikidadi alisema hatimaye. "Niliona nitachelewa. Nikatia msumari, nikasema ni wa siku mbili tu, Jumatatu nitaipeleka."

"Msumari nimekusamehe. Lakini siku thelathini na mbili unakaa hapo kibarazani, wanamwita mlevi unawasikia, na kahawa unakunywa nao!"

"Nikisema wataniita muuaji. Jina letu ni moja, shemeji. Na kazi je? Nani atanipa?"

Arafa alijua kwamba hilo nalo ni kweli. Kidole chake kilipapasa kingo za msumari.

"Arobaini ni wiki ijayo," alisema. "Wanaume wote watakuwepo. Utasema wewe, au nitasema mimi kutoka hapa pazia lilipo, na waone aibu yao wenyewe. Mwambie fundi afunge za Kiingereza."

Siku ya arobaini, khitma ilipokwisha kusomwa, Mikidadi alisimama akasema yote. Hakuna aliyemfokea. Mzee mmoja alimwomba marehemu radhi kwa sauti, wengine wakaitikia. Kesho yake Mikidadi alimsalimu muuza kahawa, hakuitikiwa. Jumatatu kampuni ilimpa kazi Dismasi wa Maji ya Chai.

Watoto walikwenda chuoni wakarudi na macho makavu.

Alfajiri moja Mikidadi alipiga hodi. "Shemeji, nakwenda Tanga kwenye mkonge. Nakuaga."

Arafa alisimama nyuma ya pazia, kiganja mdomoni. Alijua akiitikia atamwuliza nani ataleta unga, na akiuliza, Mikidadi atabaki katika mtaa usioitikia salamu yake. Alimwacha akabisha mara ya pili, na ya tatu, mpaka hatua zake zikapotea upande wa stesheni.

Kisha akawaamsha watoto, akawavika kanzu za chuoni.