Meja Kijiko, Adui wa Hatua ya Mwisho

Babu yetu ni meja mstaafu, lakini mtaa mzima unamwita Meja Kijiko. Msimwambie nimewaambia.

Enzi zake alikuwa mkuu wa ghala la jeshi. Kwake hata sindano haikutoka bila mtu kusaini daftari. Siku moja kijiko cha chai kikapotea. Babu akasimamisha kikosi kizima juani, saa mbili nzima, mpaka kijiko kipatikane. Kikapatikana. Mfukoni mwa babu! Mwenyewe mpaka leo anakana: "Uzushi wa wapishi huo!" Lakini jina lilishaganda.

Sasa dada yangu, fundi wa magemu ya kompyuta, kamfanya babu adui mkuu wa gemu lake. Yaani babu mtupu: masharubu, kitambi, kofia imelalia sikio. Kijiko nacho kimo, ila kimefichwa mpaka mwisho kabisa. Kazi ya miaka miwili hiyo, na wenye mashindano ya magemu anayoingia wanataka sahihi ya mwenye sura kabla ya kesho. Babu akikataa, kwisha habari.

Tukamkalisha sebuleni, miwani puani. Dada anatafuna kucha. Kwenye skrini babu wa gemu akatoa kicheko cha kishetani, akaanza kuwagawia askari wake bunduki.

"Simamisha hapo!"

Dada akafumba macho.

"Hawa wamesaini wapi?"

"Nani, babu?"

"Hawa majambazi wangu! Bunduki kumi zimetoka, daftari liko wapi? Mjukuu wangu, ubaya sikatai. Lakini uzembe? Mimi?"

"Babu, si gemu tu..."

"Gemu lako, sura yangu."

Basi dada akaketi palepale kuchora daftari. Sasa askari wa adui wanapanga foleni kusaini kwanza ndipo wakushambulie. Ukiwa na akili, unakimbia wakiwa bado wanagombania kalamu.

Babu akaridhika. Akashika kalamu yake, akaivuta karatasi, halafu akasita.

"Na nikipigwa, inakuwaje?"

Dada akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Unaanguka, babu. Halafu... kijiko kinadondoka mfukoni."

Nikasema hapa tumekwisha.

"Mfuko gani?"

"Wa kulia, babu."

Babu akatikisa kichwa, kama mtu aliyechoshwa na kazi mbovu. "Kilikuwa kwenye mfuko wa kushoto."

Jamani! Miaka arobaini ya kukana! Alipoona tumemkodolea macho, akaweka sahihi haraka haraka na kuinuka. Dada akaing'ang'ania ile karatasi na kalamu kifuani, anacheka huku analia.

"Kalamu yangu!" babu akafoka kutoka mlangoni. "Ukibaki nayo, saini!"

Haya, na kwenu je? Mkubwa gani wa familia ana jina la utani asilotaka kulisikia, na alilipataje? Mwageni visa hapa chini. Babu hasomi maoni. Nadhani.