Harufu ya Kakao kwenye Meza ya Nne

Jumanne ile, kabla kahawa ya saa nne haijaletwa, Eneida Polanco alichukua kiini cha sigara kutoka kwenye kalibu, akakipeleka puani kama alivyozoea, akanusa kakao.

Alikilaza juu ya ubao, akalinyoosha jani la juu kwa kiganja, akalipunguza kingo kwa kisu chake kisicho na mpini, akaviringa. Lakini moyo ulikuwa umeshashtuka. Tumbaku hunyonya kila harufu inayoikaribia. Ukimenya chungwa mezani, wiki ijayo kuna mtu ng'ambo ya bahari anavuta chungwa. Ukija kazini na manukato, msimamizi anakurudisha nyumbani ukaoge, na wenzako wanakucheka mpaka Jumamosi. Kila mtu pale kwenye karakana ya Palmar Hondo anajua hivyo, na Fausto Ureña anajua kuliko wote, kwa sababu ameshika tumbaku miaka arobaini.

Na kile kiini kilitoka mikononi mwa Fausto.

Katika karakana ile watu hufanya kazi wawiliwawili. Mwanamume huyakunja majani ya ndani, huyafunga, huyalaza kwenye kalibu na kuyabana. Hicho ndicho kiini. Mwanamke hukichukua kikishashika umbo, hukivika jani la juu, jani laini lisilo na tundu wala doa, na kukifunga kichwa kwa gundi kidogo kwenye ncha ya kidole. Sigara nene inayotoka hapo ni ya wote wawili. Ikivutika vibaya, amekosea mwanamume. Ikiwa na sura mbaya, amekosea mwanamke. Lakini anayeinunua hajui hilo, huitupa tu.

Eneida na Fausto walikuwa wamekaa meza ya nne, chini ya dirisha, miaka kumi na saba. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mkavu wa mwili, mwepesi wa mikono, mzito wa maneno. Kazi alifundishwa na mama yake kwenye baraza la nyumba yao, kwa majani yaliyoraruka ambayo hakuna aliyeyataka. Mume alikuja akaenda. Binti yake, Anyelina, alibatizwa huku Fausto akimshikia mshumaa kama baba wa ubatizo, na tangu siku hiyo wawili wale wakawa wanaitana kompadre na komadre. Anyelina sasa yuko Boston, anapiga simu Jumapili. Fausto ndiye aliyebaki wa kila siku. Eneida hakuwahi kufikiri kwamba hilo ni jambo kubwa, mpaka Jumanne ile.

Kulikuwa na sababu ya kumtisha. Karakana ilikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote: kati ya wawili wa meza moja, anayeomba kwanza kutenganishwa ndiye anayebaki na meza. Mwenzake hupelekwa chumba cha nyuma, kung'oa mishipa ya majani, akae huko mpaka apatikane mtu wa kumchukua. Na neno likishafika kwa msimamizi halirudi. Mama mmoja wa pale, doña Ligia, aliachwa hivyo na mwenzake. Aliambiwa ni wiki mbili tu. Mwaka huu ni wa sita, bado yuko nyuma, na vidole vyake vimekuwa vyeusi kama mizizi.

Zaidi ya hayo kulikuwa na uvumi. Watu wa utalii walisemekana wanafungua nyumba ya sigara ufukweni, kule kwenye mahoteli, na wanatafuta mwanamume mzoefu na mwanamke kijana wa kuviringa sigara mbele ya wageni wenye kaptura. Mwanamke kijana. Eneida alipolisikia hilo alitazama meza ya pili, alikokaa Yubelkis wa miaka ishirini na sita, mwenye kucha safi na tabasamu la bure.

Baada ya kunusa kakao alianza kuhesabu dalili, na mtu akianza kuhesabu dalili hazimwishii. Fausto alikuwa ameacha kula naye mchana. Alibeba sahani yake ya wali na maharage akaenda kukaa nyuma ya banda la kukaushia. Alikuwa akifika mapema kuliko zamani. Akikaa mezani aligeuza bega, kama mwanafunzi anayeficha majibu. Na alikuwa akishusha mikono chini ya ubao mara kwa mara, akiisugua.

"Anasugua nini?" Zunilda wa meza ya tano aliuliza. Hakuna jambo lililompita Zunilda.

"Sijui. Labda baridi."

"Baridi? Agosti hii? Mwenzangu, mwanamume wa kutulia hivi akianza kuficha mikono, nunua kabisa leso ya kulilia."

"Nyamaza, anasikia."

"Na asikie. Mimi si mwenzake wa meza."

Alhamisi ni siku ya wageni. Basi lao huanzia kwa akina mama wanaotengeneza chokoleti kule mlimani, hupita kwenye shamba la kahawa, hufika kwenye tumbaku kabla ya chakula cha mchana, kisha humalizia kwenye ramu, ambako hakuna anayesikiliza maelezo tena. Anayewaongoza ni Yokasta, msichana wa hapohapo, mwenye sauti ya kuuza samaki na lugha nne.

Walisimama kwenye meza ya nne kama kawaida, wakapiga picha mikono ya Eneida kama kawaida. Mzee mmoja mwenye shingo nyekundu aliomba kunusa sigara iliyokamilika. Aliinusa, akafumba macho, akasema neno kwa furaha.

"Anasema ina chokoleti," Yokasta akatafsiri.

Karakana nzima ikacheka.

"Mwambie apanguse masharubu kwanza!" Zunilda alipaza sauti. "Katoka kula chokoleti ya watu, sasa anaisingizia tumbaku yetu!"

Yokasta alitafsiri kitu kingine, cha heshima zaidi, na yule mzee akacheka pia. Eneida naye alicheka, tena kwa nguvu, huku akimtazama Fausto. Fausto peke yake hakucheka. Alikuwa akiyapanga majani yaliyokwisha kupangwa.

Wageni walipoanza kutoka, Yokasta alibaki nyuma. Alipita karibu na kiti cha Fausto, akaweka mkononi mwake kifurushi kidogo kilichofungwa kwa gazeti. Fausto alikisukuma ndani ya shati haraka. Yote hayo hayakuchukua muda wa kupiga chafya, lakini Eneida aliyaona, na pia aliona Yubelkis akitazama upande ule. Au labda alikuwa akitazama dirishani. Eneida hakuwa na subira tena ya labda.

"Kompadre," alisema, bila kuinua macho kwenye jani, "umeanza kupenda chokoleti uzeeni?"

"Mimi? Inanipa kiungulia, komadre. Unajua."

"Ninajua. Ndiyo maana nauliza. Yule msichana kakuletea nini?"

"Salamu tu."

"Salamu za kufunga kwenye gazeti."

Fausto alivuta jani jipya. "Kuna watu kule mlimani ninaofahamiana nao," alisema, akaanza kulikunja.

Miaka kumi na saba, na ndio uongo wa kwanza aliomsikia akisema. Kilichomuumiza Eneida si ukubwa wake. Ni jinsi ulivyokaa vibaya mdomoni mwake, kama meno ya kuazima. Mchana kutwa aliendelea kuviringa, na kwenye jani moja la juu akaona doa la mafuta, dogo kama punje ya mtama. Alilitupa jani lile chini ya meza ili msimamizi asilione. Halafu akajiuliza anamlinda nani.

Angeweza kuuliza moja kwa moja. Aliliwaza hilo akirudi nyumbani, akalikataa. Kama Fausto alikuwa na mpango wa ufukweni, swali lingemwamsha. Kesho yake asubuhi angewahi kwa msimamizi, na Eneida angekuwa chumba cha nyuma na doña Ligia kabla ya Jumapili. Anyelina angepiga simu: habari za kazi, mama? Angejibu nini? Desturi ile ilimpa zawadi anayeshuku mapema, na miaka yote aliyokaa pale hakuwahi kuliona hilo.

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa don Bienve, msimamizi, mtu mpole aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani.

"Viini vya Fausto vinanuka kakao," alisema. "Na kuna mafuta kwenye majani. Naomba mtu mwingine."

Don Bienve alivua miwani ya machoni. "Fausto? Kompadre wako?"

"Huyohuyo."

"Umezungumza naye?"

"Nimezungumza naye."

"Doña Eneida, nikishalipokea silirudishi. Mnafahamu desturi yenu kuliko mimi. Una hakika?"

"Nina hakika."

"Nakuuliza tena."

"Lipokee, don Bienve."

Walirudi pamoja, Eneida mbele. Fausto aliwaona wakija na uso wake ukabadilika, lakini si kwa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyesikia mlango aliokuwa akiuogopa ukigongwa. Don Bienve alichukua kiini kimoja, akakinusa, akachukua cha pili.

"Mikono," akasema.

Fausto aliiweka juu ya ubao. Eneida alikuwa ameitazama mikono ile kila siku, lakini kwa muda mrefu alikuwa ameitazama kutoka ubavuni, na bega likiwa katikati. Sasa aliiona. Vifundo vya vidole gumba vilikuwa vimevimba kama tangawizi. Ngozi ilikuwa imepasuka kwenye mikunjo, na ndani ya mipasuko mlikuwa na mng'ao wa mafuta.

"Ni mafuta ya kakao," Fausto alisema. "Akina mama wa mlimani wanayakamua wenyewe. Asubuhi vidole havikunjiki. Nikipaka, ikifika saa tatu vinakunjika. Nilikuwa nanawa kabla ya kushika majani, don Bienve. Nilinawa kwa majivu."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema, ungenipeleka nyuma."

Redio ya karakana iliendelea kupiga muziki wa bachata, maana hakuna aliyethubutu kwenda kuizima. Yubelkis alikuwa ameinama juu ya kazi yake, na ilikuwa wazi kwamba hakujua lolote, wala hakuwahi kujua.

"Na nyumba ya ufukweni?" Eneida aliuliza.

Fausto alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nyumba gani?"

Hapo ndipo Eneida alipoelewa. Alimgeukia don Bienve. "Nimekosea. Nimeliondoa ombi. Mafuta yale, nitamsaidia, nitakuwa nabana mimi kalibu, yeye akunje tu..."

"Doña Eneida," don Bienve alisema, bila ukali, "nilikuuliza mara mbili."

Fausto alianza kukusanya vitu vyake: kitambaa, kikombe cha kahawa, kofia. Mkono wake haukuweza kukishika kikombe vizuri kwenye mpini, akakibeba kwa viganja viwili.

"Nilikuuliza, kompadre," Eneida alisema kwa kunong'ona, karibu kama anamlaumu. "Jana nilikuuliza."

"Uliniuliza habari za chokoleti," alisema Fausto. "Hukuniuliza habari zangu."

Akaenda nyuma.

Jumatatu alikuja Rubelín, mtu wa miaka arobaini, mikono mizima, mchangamfu, mwenye kupiga mluzi. Alikuwa mzuri. Eneida asingeweza kumsingizia. Viini vyake vilibanwa sawasawa na havikunuka kitu ila tumbaku, na ikifika saa tano meza ya nne ilikuwa imetoa sigara nyingi kuliko Jumatatu yoyote ya mwaka ule. Don Bienve alipita akatikisa kichwa kwa kuridhika. Dirisha lilikuwa palepale, na kiti cha Eneida palepale. Alikuwa amekihifadhi kile alichoogopa kukipoteza.

"Doña, mbona unanusa kila kimoja?" Rubelín alimuuliza akicheka. "Nimeoga, haki ya Mungu."

"Mazoea," alisema.

Lakini aliendelea kunusa, na baada ya muda alijikuta anatazama mikono ya Rubelín inakokwenda, anamsikiliza anapiga mluzi wa nani, anajiuliza kwa nini mtu mwenye mikono mizuri hivi alikuwa bado hana mwenzake wa meza. Hakupenda kujiona hivyo. Lilikuwa jicho jipya, na hakujua namna ya kulifumba.

Kengele ya mchana ilipolia, wengine walitoka kwenda kwenye kivuli. Yeye alichukua sahani yake, akavuka ua, akaingia chumba cha nyuma, ambako hakuwa ametia mguu kwa miaka. Mle mlikuwa na unyevu na giza kidogo. Doña Ligia alimwona kwanza, akainuka bila kusema, akatoka na chakula chake. Fausto alikuwa kwenye kigoda karibu na ukuta, na rundo la majani magotini, aking'oa mshipa polepole, kwa kidole cha shahada na cha kati, kwa sababu kidole gumba hakikumtii.

"Kompadre," Eneida alisema.

Fausto alimaliza jani lile, akalilaza juu ya mengine, akalinyoosha kwa uangalifu ambao hakuna mtu anayeulipia. Eneida alisimama na sahani mkononi, wali ukipoa.

"Nimekuja kukuuliza," alisema. "Vidole vinauma sana?"

Fausto alikisogeza kigoda chake, kiasi cha shibiri moja, kuelekea ukutani. Eneida hakuweza kujua kama alikuwa anampisha au anamkwepa. Alivuta gunia tupu, akaketi juu yake, akangoja jibu.