Bastola Mkobani mwa Rafiki Yangu

Rafiki yangu ni nesi kama mimi, anaishi mji wa Maplewood, na mtihani wa uraia wa huku ughaibuni tuliusomea pamoja. Jumamosi moja tulikuwa jikoni kwake tukipika chapati, yeye akisukuma, mimi nikichoma, simu yake ikaanza kulia ndani ya mkoba.

"Nitolee, mikono yangu imejaa unga."

Nikaingiza mkono, nikagusa chuma. Nilidhani ni funguo. Nilipovuta nikajikuta nimeshika bastola! Nikapiga yowe, nikaiachilia ikarudi mkobani. Kule nyumbani, bunduki niliyowahi kuikaribia ilikuwa ya askari wa mlangoni benki tu.

"Usiogope, nina kibali," akasema.

"Kibali? Wewe? Mwimbaji wa kwaya?"

"Ni haki yangu. Kwani umesahau tuliyosoma? Marekebisho ya Pili ya Katiba, yale ya haki ya kumiliki silaha."

"Si yale yanayotaja wanamgambo?"

"Mahakama ya Juu ilishaamua ni haki ya kila mtu. Na mimi ni raia, dada. Haki hiyo si ya wazungu peke yao."

Chapati ilikuwa inaungua. Nikazima jiko, nikachukua koti, nikatoka. Garini nilishindwa hata kuwasha injini.

Akanifuata, akaketi kando yangu, unga hadi kwenye viwiko. Akanieleza kwamba wakati wa baridi, alipotoka kazini, mwanamume mmoja alimfuata kwa pikapu mpaka mlangoni kwake, akamfokea arudi kwao. Polisi walipofika, jamaa alikuwa ameshaondoka, ndipo akanunua bastola.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini?"

Nikashtuka upya, na safari hii vibaya zaidi. Kila Jumapili tulikuwa tunaketi benchi moja kanisani, tunaimba, tunacheka, naye amebeba hofu yote hiyo, mimi sikuona kitu.

Hata hivyo sikukubaliana naye, na mpaka leo sijakubali. Nilimwomba awe anaifungia kwenye sefu nikija. Akakataa katakata: "Kwangu ni kwangu." Basi siku hizi yeye ndiye anayekuja kwangu Burnsville, na bastola anaiacha imefungiwa garini.

Nimemwuliza mara moja tu kama kweli angeweza kumpiga mtu risasi. Alisema hajui.