Mwanamke Asiyetoka Chumbani

Nakumbuka alasiri moja kule Kaagya, mwanangu, nimeshika riwaya mkononi, roho juu, naogopa kufungua ukurasa wa mwisho. Mama alikuwa amelala kitandani karibu na dirisha. Moyo wake ulikuwa umechoka, daktari alishatuambia siku zake si nyingi, na yeye mwenyewe alijua. Kilichokuwa kikimfurahisha ni kitabu hicho tu, nilichomsomea kila baada ya chakula cha mchana.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha ajabu. Mwanamke analetwa kwenye nyumba ya watu, anawekwa chumbani, haonekani tena. Chakula anapelekewa mlangoni. Wenye nyumba wanapita kwa kunyata. Mwandishi hasemi huyo ni nani, wala kwa nini hatoki.

Sasa, aliyekileta ni kaka yangu Deo, aliyekuwa akifanya kazi Bukoba mjini, na alikuwa ameshakisoma. Kabla sijafungua hata jalada akaninong'oneza, "Yule mwanamke alishakufa zamani. Ule ni mzimu." Basi akaniharibia. Kila mlango ulipotajwa, nywele zilinisimama. Mama akawa ananicheka.

"Unatetemeka nini?" aliniuliza. "Huyo si omugole?"

Yaani bibi arusi. Ninyi hamkuyaona, lakini zamani kwetu Uhayani bibi arusi akishaletwa alifichwa ndani miezi, halimi, hachoti maji, chakula analetewa, mpaka siku ya kutolewa nje. Mama aliyapitia hayo alipoolewa kutoka Buganguzi. Kwa hiyo yeye alisikia harusi palepale niliposikia msiba. Alimhurumia yule mwanamke kwa upweke wake, akamtania kama shoga yake, akawa anaisubiri siku ya kutolewa kwake.

Ndiyo maana niliuogopa ule ukurasa. Kama kweli ni mzimu, nitamsomeaje mtu anayekaribia kufa? Nilifikiria hata kumdanganya kwamba karatasi zimechanika. Lakini Mama alinikazia macho.

"Soma, baba."

Nikasoma. Mlango unafunguliwa, chumba ni kitupu, kitanda kimetandikwa, jua linaingia dirishani. Basi, kitabu kimeisha.

Nikafunga kitabu, nikainua macho. Mama alikuwa analia huku anatabasamu. "Wamemtoa," alisema.

Deo alikuwa sahihi, au Mama? Nimekirudia kitabu kile mara nyingi nikiwa mtu mzima, na bado sielewi. Siku tulipombeba Mama kumtoa ndani, twende tukamzike migombani nyuma ya nyumba, neno lake lile, "Wamemtoa," lilinijia, nikachanganyikiwa zaidi. Nililia sana, mwanangu, lakini hofu sikuwa nayo.

Ninalokuomba ni dogo. Mtu akitaka kukusimulia kitabu ambacho hujakisoma, mwambie anyamaze kwanza. Kiingie na maisha yako mwenyewe, hata kama utakielewa vibaya, kwa sababu maneno ya Deo niliyabeba na hayakunifaa kitu. Na wewe ukimaliza, mwache mwenzako afike kwa miguu yake.

Mungu akupe macho yako mwenyewe, na siku zako zitakapokuwa chache akujalie mtu wa kukusomea, asiyekwambia mwisho.