Kompyuta Iliyozaliwa Nyembamba

Tulipohama Louisville kuja Columbus, niliipakata kompyuta yangu nene njia nzima. Nilikuwa nimejifunza kuitengeneza mwenyewe, kwa kuifungua na kuifunga. Betri yake ilichomoka kwa kidole. Pembeni ilikuwa na tundu la kila waya niliowahi kuuhitaji, hata ule wa intaneti.

Lakini aliyeihitaji zaidi alikuwa mke wangu. Anahudumia wazee katika makao yao huko Westerville, na wakati ule alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi. Alisoma kwenye basi, alisoma saa ya mapumziko. Kugeuza wagonjwa vitandani kulikuwa kumeshamuumiza bega, na kulitundika begi la kompyuta ile kwenye bega hilohilo kulikuwa adhabu. Akataka nyembamba.

Tulipofika dukani nilizipindua moja baada ya nyingine nizione tumbo. Betri imebandikwa kwa gundi. Memori imechomelewa, haiongezeki. Matundu mawili tu, yote ya aina moja. Niliziacha, nikafika mlangoni, nikarudi kuishika tena ile ya kwanza.

"Hii imekonda," nikasema.

Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, tulikokulia sote wawili, hilo lilikuwa neno la zahanati. Mtoto aliyekonda alizungushiwa utepe mkononi, akapimwa, na mama yake akatazama pembeni. Mke wangu hakutazama pembeni.

"Kinachokonda ni kilichokuwa kinene," alisema. "Hii imezaliwa hivi. Twende tukalipe."

Siku ya mtihani ikaangukia wiki ya harusi ya kaka yake, huko Buffalo. Mtihani uliruhusiwa kufanywa popote, mradi mtu awe peke yake chumbani mbele ya kamera. Ukikatika katikati, unasubiri mwaka mwingine. Na nyumba ya shemeji yangu ilijaa wageni, kila mmoja na simu yake, intaneti ya hewani ikawa inakuja na kupotea. Waya ulikuwepo, na kifaa cha kuuunganishia nilikuwa nimekibeba. Ila kati ya yale matundu mawili, moja lilikuwa limelegea, halishiki kitu. Lililobaki lilitosha waya au chaji. Si vyote viwili.

Betri ilikuwa nusu.

"Weka waya," akasema.

"Ikizima?"

"Weka waya, baba. Halafu utoke, kamera isikuone."

Nikatoka. Nilitembea ukumbini hadi dirishani, nikarudi mlangoni, nikaenda tena. Nilipiga hesabu: mwanga wa kioo, kamera iliyowaka muda wote. Ile nene ningekuwa na betri ya pili mfukoni. Lakini ile nene bega lake lisingeibeba hadi kwenye basi, na bila kusoma kwenye basi asingefika kwenye mtihani. Hesabu ilinirudisha palepale.

Mgeni mmoja, Mkongo wa Bukavu, jirani wa shemeji, alikuwa akimenya ndizi huku akinitazama.

"Bon, shemeji, unatembea vile kama bibi yako iko nazala."

"Mke wangu hazai. Anafanya mtihani."

"Ah. Donc, basi, ni kuzala tu. Kaa chini, haitoke haraka juu ya kutembea yako."

Sikukaa. Niliweka sikio mlangoni. Nikasikia kiti kikisogezwa.

Mlango ukafunguka. Alikuwa ameishika kompyuta kwa mkono mmoja, kioo cheusi.

"Imezima," nikasema.

"Imezima."

"Kabla au baada?"

Alinipita, akachukua ndizi moja kwenye sinia la yule Mkongo.

"Nilishatuma. Wameandika wamepokea. Ndipo ikazima."

Hapo ndipo nikakaa. Nikamuuliza betri ilikuwa imebaki asilimia ngapi alipobonyeza kutuma.

"Sijui," alisema, akitafuna. "Nilikuwa nasoma maswali."