Mashine ya Sulemani ya Kuficha Maneno

Sulemani wa Majengo, fundi wa redio mjini Nyeri, alirudi kutoka vita vya Burma na hadithi moja tu, na hiyo moja ilitosha kutuchosha. Ati kwenye hema la simu za jeshi, alikokuwa akibeba betri, aliona mashine inayoficha maneno: unabonyeza herufi moja, inawaka nyingine. Uhuru ukaja, watoto wakaoa, Sulemani bado anasimulia. Tulimwita mwongo mchana kweupe. Mkewe, Rukaya, alinyamaza tu, na kunyamaza huko ndiko kulikomuuma zaidi.

Basi akaamua kuiunda mwenyewe. Magurudumu aliyakata kwa mbao za sanduku la majani chai kutoka Kangari, vibonyezo vikawa vifungo vya makoti makuukuu, taa zikawa balbu za tochi. Akatangaza kwamba Jumamosi ataijaribu mbele za watu. Ikishindwa, hataitaja Burma tena. Tulifurahi kupita kiasi.

Jumamosi hiyo ya Julai baridi ilikuwa ya kukata mifupa. Tukajaa kibandani kwake. Sulemani akabonyeza. Gurudumu halikusonga. Akalisukuma, wapi!

"Mzee, hii mashini yako imerara?" akauliza Gicheru, muuza nyama. Tukaangua kicheko. Sulemani akatokwa jasho kwenye baridi ile ile. Nilimwonea huruma, ingawa sikuacha kucheka.

Rukaya akapenya katikati yetu, akagusa gurudumu, akanusa kidole.

"Baba Saumu, umepaka mafuta yangu ya kupikia?"

"Grisi iliisha."

"Na Nyeri hii mafuta yasigande?" Akaleta jiko lake la mandazi, akaliweka karibu. Mafuta yakayeyuka, gurudumu likazunguka.

Sulemani akatoka nje. Gicheru akabonyeza ujumbe wake wa siri, na kila taa iliyowaka akaandika herufi yake kwenye karatasi ya kufungia nyama. Yalitoka maneno ambayo hata yeye hakuweza kuyasoma. Sulemani akaitwa, akarudisha magurudumu pale yalipoanzia, akabonyeza zile herufi moja moja. Rukaya akawa anasoma taa kwa sauti: P, O, L, E. Kisha R, U, K...

"POLE RUKAYA."

Watu wote wakamgeukia Gicheru. Gicheru alikuwa amempa pole kwa kuolewa na mwongo, na sasa hakujua atazame wapi.

Rukaya akamgeukia mumewe, machozi yanamtoka na meno yote nje.

"Asante, Gicheru," akasema. "Nimeshapoa."