Chupa Nzima

Juzi nilinusa sabuni ya zeituni dukani Homa Bay, nikajikuta tena mtoto Kendu Bay, katika kibanda ambamo waya, dada wa baba, alipikia sabuni. Maji ya jivu yalichemka na kunichoma pua. Kisha waya akafungua mafuta ya zeituni. Mimi niliyajua ya kanisani tu: pasta alimpaka mgonjwa tone moja kwenye paji la uso. Waya alimimina chupa nzima.

“Nani mgonjwa hivyo?”

“Wewe, nyathina, mwanangu. Si uone hizo pele zako!”

Nikajua nakufa. Nikapiga magoti, nikafumba macho, nikangoja maombi.

Waya alicheka hadi mwiko ukamponyoka. “Inuka! Hii ni sabuni ya kuoga.”

Pele ziliisha. Juzi, kabla ya kuitia ile sabuni kikapuni, nilisema amina.